Usiku wa 20 Aprili 1965: uchambuzi wa kisa cha Montserrat Caballé katika ukumbi wa Carnegie

Chama cha American Opera Society cha New York kilikuwa na desturi iliyokijengea hadhira ndogo lakini ngumu kuridhika. Kilifufua opera zilizosahaulika na kuziwasilisha kama tamasha, waimbaji wakisimama mbele ya orkestra wakiwa na vitabu vya noti, bila mandhari, bila mapazia na bila mavazi ya wahusika. Kwa tarehe 20 Aprili 1965 kilikuwa kimetangaza Lucrezia Borgia ya Mwitaliano Gaetano Donizetti katika ukumbi wa Carnegie wenye viti vipatavyo 2,800, na nafasi ya Lucrezia ilikuwa ya Mmarekani Marilyn Horne. Horne alikuwa mjamzito, ikambidi ajitoe. Aliyeitwa kuziba pengo ni mwana wa Barcelona, Montserrat Caballé, ambaye siku nane tu kabla ya onyesho alikuwa ametimiza miaka 32, na ambaye jina lake halikuwa na uzito wowote kwa wengi waliokuwa na tiketi mkononi. Alikuwa na muda usiofika mwezi mmoja kujifunza nafasi ambayo hakuwahi kuiimba, tena ya mtindo ambao hakuwahi kuuzoea jukwaani.

Matokeo yake yanajulikana. Makofi yalisimamisha onyesho baada ya aria yake ya kwanza, yaani wimbo wake wa kwanza wa peke yake, na mwisho wa usiku watu walisimama wakishangilia kwa muda ambao masimulizi mengi huutaja kuwa dakika 25. Siku zilizofuata ulizunguka ule mlinganyo maarufu wa kichwa cha habari, Callas + Tebaldi = Caballé, uliomlinganisha na Maria Callas na Renata Tebaldi, soprano (waimbaji wa kike wa sauti ya juu) mashuhuri wa wakati ule, na kampuni ya rekodi ya RCA ikampa mkataba. Tangu hapo kisa hiki husimuliwa kama hadithi ya bahati: binti wa familia maskini, asiyejulikana, anaitwa dakika ya mwisho, anaimba, anakuwa nyota. Nakichambua upya kwa sababu naona simulizi hilo linaficha sehemu yake yenye mafunzo zaidi. Bahati ilimpatia Caballé tarehe na ukumbi. Vilivyobaki vyote vilikuwa vimeandaliwa kwa zaidi ya miaka kumi, mahali ambapo hakuna mkosoaji wa New York aliyekuwa akitazama, na kwa kazi ambayo haikuwa na utukufu wowote.

Caballé alizaliwa Barcelona tarehe 12 Aprili 1933, miaka mitatu kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Uhispania kuanza. Utoto wake ulipita katika mabomu, njaa na ufukara uliofuata vita hivyo, na alipokuwa msichana alifanya kazi katika kiwanda cha leso ili nyumbani pasikose chakula. Masomo yake ya muziki yaliwezekana kwa sababu familia tajiri ya Bertrand ya mjini humo ilikubali kumfadhili. Alisoma katika chuo cha muziki cha Liceu, kilichokuwa pamoja na jumba la opera la jina hilohilo katika barabara ya La Rambla, na mwaka 1954 akahitimu kwa medali ya dhahabu. Katika walimu wake, wa kuangaliwa hapa ni mmoja, Eugenia Kemmeny kutoka Hungaria. Huyu alimfundisha kupumua kabla ya kumfundisha kuimba. Mazoezi yake yalikuwa ya mwili hasa, ya misuli ya mbavu, tumbo na kiwambo, yaani msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, na Caballé mwenyewe maisha yake yote aliendelea kusema kwamba sauti yake ilitoka kwenye mazoezi hayo.

Baada ya kuhitimu alijaribu bahati Italia, akarudi mikono mitupu. Mlango uliofunguka ulikuwa wa Basel, Uswisi, mwaka 1956, na hapa inafaa tutulie kidogo, kwa maana mfumo wa kazi alioukuta huko ndio ufunguo wa kisa chote.

Katika majumba ya opera ya miji inayozungumza Kijerumani, mwimbaji wa kundi la kudumu huajiriwa kama mtumishi mwingine yeyote. Hulipwa mshahara, hupangiwa kazi na ofisi, na huimba anachopangiwa. Wiki hii anaweza kuwa malkia, wiki ijayo akawa mjakazi mwenye mistari kumi. Mwenzake akiugua asubuhi, jioni yeye ndiye anayesimama mahali pake. Opera hubadilishwa usiku kwa usiku, mazoezi ya pamoja huwa machache, na anayeshindwa kujifunza haraka hapati mkataba mwingine. Caballé alianzia chini kabisa, akiimba Bibi wa Kwanza katika Zauberflöte ya Mozart, nafasi ambayo msikilizaji wa kawaida hatoki ukumbini akikumbuka jina la aliyeiimba. Katika msimu wake wa kwanza huohuo mwenzake aliugua, akaingizwa kuwa Mimì katika La bohème ya Puccini, na kuanzia hapo ofisi ikaanza kumwamini. Kwa hiyo New York haikuwa mara yake ya kwanza kupata nafasi kubwa kwa sababu aliyepangiwa hakuweza kufika. Alikuwa ameshalipitia jambo hilohilo miaka tisa nyuma, mbele ya watu wachache, na alikuwa ameshajua moyo unavyodunda na nini cha kufanya nao.

Orodha ya alichoimba Basel na baadaye Bremen, alikohamia mwaka 1959, ni ya kushangaza kwa mtu ambaye ulimwengu ulikuja kumjua kama malkia wa Donizetti na Bellini. Kulikuwa na Pamina wa Mozart, Tosca, Aida, Violetta, Tatiana wa Tchaikovsky, Rusalka wa Dvořák, na hata Armida, opera ya mwisho ya Dvořák ambayo haiimbwi karibu popote. Zaidi ya wote kulikuwa na Richard Strauss: Salome, Chrysothemis, Arabella. Aliporudi nyumbani mwaka 1962 na kuimba kwa mara ya kwanza katika Liceu, aliimba Arabella. Mwaka huohuo alivuka bahari kwenda Mexico kuimba Manon ya Massenet.

Kinachoonekana kwa juu ni kwamba mwimbaji wa Strauss ametupwa ghafla katika Donizetti, na wengi wameliandika hivyo, kana kwamba alihama nchi. Mtazamo huo unapungukiwa. Strauss humtaka soprano aimbe vifungu virefu mno juu ya orkestra kubwa, tena mara nyingi humtaka apande juu bila kupaza sauti, aelee. Mozart humtaka usafi, kwamba kila noti iwe mahali pake bila vumbi. Anayeweza mambo hayo mawili ameshabeba sehemu kubwa ya mahitaji ya ule mtindo wa Italia wa mwanzo wa karne ya 19 unaoitwa bel canto, ambao msingi wake ni mstari mrefu wa sauti usiokatika, unaopambwa kwa noti za haraka. Alichokosa Caballé kilikuwa mapambo hayo ya haraka pamoja na mazoea ya mtindo wenyewe, na hayo ndiyo aliyopaswa kuyapata kwa wiki chache. Mazoea aliyapata kwa kiasi kikubwa. Mapambo, tukubali ukweli, hayakuwahi kuwa silaha yake kuu. Mtetemo wake wa noti mbili ulibaki dhaifu hadi mwisho, na kwenye vifungu vya kasi mara nyingine alipitisha noti juujuu.

Sasa tuitazame opera yenyewe. Lucrezia Borgia iliimbwa kwa mara ya kwanza La Scala, Milano, tarehe 26 Desemba 1833, kwa maneno ya Felice Romani aliyoyatoa katika tamthilia ya Victor Hugo ya mwaka huohuo. New York ya 1965 ilikuwa karibu haiijui. Metropolitan, jumba kuu la opera la mji huo, lilikuwa limeiimba mara moja tu mwaka 1904, Enrico Caruso akiwa mwimbaji mkuu wa kiume, kisha ikaachwa. Katika utangulizi, Lucrezia, mwanamke anayeogopwa Italia nzima kwa sumu na mauaji, anafika Venice usiku akiwa amevaa barakoa. Anamkuta kijana amelala. Kijana huyo ni Gennaro, mwanawe wa siri, naye hajui mama yake ni nani. Lucrezia anasimama juu yake na kuimba “Com'è bello”, yaani, alivyo mzuri.

Mama anaimba mwanawe akiwa usingizini, na hataki aamke. Hali hiyo ya mchezo inamlazimu mwimbaji aimbe kwa sauti ya chini mno tangu mwanzo, wakati koo bado halijapata joto, hadhira bado inajiweka sawa vitini, na yeye mwenyewe bado hajulikani. Kwa soprano wengi huo ni mtego. Kwa Caballé lilikuwa jambo lililomfaa kuliko lolote ambalo mtunzi angeweza kumwandikia. Sauti laini ya juu ni ngumu kuliko sauti kubwa ya juu, kwa sababu pumzi inapaswa kutoka kidogo sana lakini kwa mgandamizo usiobadilika hata kwa nukta, na misuli ya mbavu na kiwambo ndiyo inayouzuia mwili usiiachie hewa yote mara moja. Misuli ikilegea, noti inakatika au inashuka. Ikikaza kupita kiasi, inakuwa filimbi kavu. Na ukumbini hakuna kipaza sauti: noti hiyo nyembamba lazima imfikie aliyekaa kwenye kiti cha mwisho cha roshani ya juu. Aliyewahi kumsikiliza msomaji mahiri wa Qur'ani akiivuta aya ndefu kwa pumzi moja, hadi waliokaa mbele yake wakashindwa kujizuia kumwitikia, ameshaelewa nusu ya kilichotokea Carnegie usiku ule.

Rekodi iliyochukuliwa onyesho likiendelea ipo, na inaruhusu tupime bila kutegemea masimulizi. Jonel Perlea anaongoza orkestra, Mfaransa Alain Vanzo ni Gennaro, Kostas Paskalis kutoka Ugiriki ni Mtawala Alfonso, mume wa Lucrezia, Jane Berbié ni Orsini, rafiki wa Gennaro. Caballé anaanza kwa uangalifu, karibu na woga. Kisha kifungu kinarefuka na msikilizaji anaanza kusubiri mahali atakapovuta pumzi, nayo pumzi haivutwi pale mtu anapoitarajia. Noti ya juu inakuja ndogo, inakua, inarudi kuwa ndogo tena bila kuvunjika. Makofi yanayofuata yana mlio wa watu walioshtuka, na hilo ni tofauti na makofi ya adabu ambayo mbadala hupewa ili asijisikie vibaya. Kuanzia hapo usiku mzima ni wake. Mwisho wa opera, pale Lucrezia anapogundua kwamba sumu aliyowaandalia maadui zake imemnywesha pia mwanawe, kuna wimbo wa kasi ambao Donizetti aliuandika kwa kulazimishwa na mwimbaji wake wa kwanza, Henriette Méric-Lalande, aliyetaka kumaliza kwa kishindo. Hapo Caballé anapambana kidogo na noti za haraka, lakini hadhira ilikuwa imeshaamua tangu utangulizi.

Namna ya onyesho pia ilimsaidia, na sijaona ikipewa uzito inaoustahili. Laiti Lucrezia ile ingekuwa ya jukwaani kikamilifu, yenye ngazi za kupanda, gauni zito, upanga na mwongozaji wa maigizo anayemtaka akimbie huku na huko, Caballé angeingia na udhaifu wake mkubwa mbele. Hakuwa mwigizaji wa mwili. Katika maisha yake yote ya kazi alipenda kusimama, akanyoosha mkono mmoja, akaiachia sauti ifanye kazi. Katika tamasha udhaifu huo haukuonekana kabisa. Kitabu cha noti kilikuwa mkononi, kwa hiyo hata hofu ya kusahau maneno ya nafasi aliyojifunza kwa haraka ilipungua. Ni vigumu kupata mazingira yaliyomfaa kuliko hayo, na ni haki kuuhesabu upande huu kuwa ndio hasa wa bahati.

Hadhira nayo ilikuwa imeandaliwa. American Opera Society ndiyo iliyomleta Maria Callas Carnegie kuimba Il pirata ya Bellini mnamo Januari 1959, na ndiyo iliyowafahamisha watu wa New York kwa Joan Sutherland mwaka 1961 katika Beatrice di Tenda ya mtunzi huyohuyo, Marilyn Horne akiwa kando yake. Wasikilizaji wa chama hiki walikuwa wamefundishwa kusubiri ugunduzi. Walijua opera hizi zinadai nini, na walijua kutofautisha mwimbaji aliyekariri na mwimbaji aliyeelewa. Sauti ileile ingeweza kupita bila kelele mbele ya hadhira isiyojua ni wapi pumzi ingepaswa kukatika.

Kisha kulikuwa na pengo. Mwezi mmoja tu kabla, Machi 1965, Callas alikuwa amerudi Metropolitan kwa Tosca mbili, na kila aliyekuwa na masikio alijua sauti ile imechoka. Julai mwaka huo aliimba Tosca London, na hakuimba tena opera jukwaani. Renata Tebaldi, mpinzani wake aliyependwa kwa uzuri wa sauti, naye alikuwa amepita kilele chake. Waandishi na wapenzi wa opera walikuwa wakitafuta jina la kuweka mahali pale, na mlinganyo wa Callas + Tebaldi ulizaliwa kutokana na utafutaji huo. Kama maelezo ya mwimbaji, mlinganyo wenyewe ni hesabu mbovu. Nguvu ya Callas ilikuwa katika neno. Kila silabi yake ilibeba hasira, aibu au dhihaka, hata pale sauti ilipokuwa mbaya. Caballé mara nyingi aliyayeyusha maneno ndani ya sauti, konsonanti zikapotea, na asiyeijua opera akabaki kujiuliza nini kinasemwa. Alichochukua katika urithi wa Callas ni orodha ya kazi. Katika tabia ya sauti alikuwa jirani zaidi na Tebaldi, akiwa na pumzi ambayo Tebaldi hakuwa nayo.

Kasi ya miezi iliyofuata inaeleza mengi kuhusu jinsi soko la opera linavyofanya kazi. Kiangazi cha 1965 aliimba Glyndebourne, Uingereza, nafasi mbili: Mke wa Mkuu wa Jeshi katika Der Rosenkavalier ya Strauss na Mke wa Kabaila katika Le nozze di Figaro ya Mozart. Desemba alirejea Carnegie kwa Roberto Devereux, opera nyingine ya Donizetti iliyokuwa kaburini, akawa Malkia Elizabeth. Tarehe 22 mwezi huohuo aliingia Metropolitan kwa mara ya kwanza kama Marguerite katika Faust ya Gounod, katika jumba la zamani la Broadway lililokuwa limebakiza miezi michache kabla ya kufungwa. Baritoni Mmarekani Sherrill Milnes naye alianza kazi yake katika jumba hilo usiku huohuo. Mtu angetarajia marudio ya Aprili. Hayakutokea, na sababu tumeshaiona: Marguerite anahitaji msichana anayeigiza, anayecheza na vito, anayezunguka jukwaa, na pale pumzi pekee haitoshi. Mwaka 1966 RCA ilirekodi Lucrezia Borgia studioni, Perlea akiongoza tena, Alfredo Kraus akiwa Gennaro na Shirley Verrett akiwa Orsini. Ni rekodi safi na nzuri. Hata hivyo mimi huichagua ile ya ukumbini, kwa sababu studioni Caballé tayari anajua yeye ni nani.

Je, usiku ule ulimdhuru kwa namna yoyote? Nadhani ndiyo, kwa kiasi. Mtu aliyefanikiwa kwa kukubali kazi ya haraka huzoea kukubali. Kwa miaka thelathini iliyofuata Caballé aliimba karibu kila kitu, kuanzia Mozart na Rossini hadi Isolde wa Wagner katika Liceu mwaka 1989, akarekodi kwa wingi kuliko wenzake wengi, na mahali pengine unasikia wazi kwamba kifungu hakikufanyiwa mazoezi ya kutosha. Alijulikana pia kwa kuvunja ahadi za maonyesho. Afya yake haikuwa nzuri na alilazwa hospitali mara nyingi, lakini ratiba ya namna ile ingemwangusha hata mwenye afya. Kwa upande wa pili wa mizani kuna jioni ya Julai 1974 katika ukumbi wa kale wa Kirumi huko Orange, kusini mwa Ufaransa, alipoimba Norma ya Bellini nje, upepo wa mistral ukivuma hadi vitambaa vya waimbaji vikapeperuka kama matanga. Filamu ya jioni hiyo ipo. Aliyeiona hawezi kusema kwamba Caballé hakuwa na mchezo wa jukwaani kabisa: upepo ulimlazimisha apigane, na katika kupigana akaigiza. Mwenyewe aliihesabu kuwa kati ya kazi zake bora kabisa.

Msomaji wa Kiswahili huenda alilifahamu jina hili kwa njia nyingine, kupitia kwa mzaliwa wa Zanzibar. Farrokh Bulsara, aliyezaliwa Mji Mkongwe mwaka 1946 katika familia ya Waparsi na kuhamia Uingereza na wazazi wake mwaka wa Mapinduzi, 1964, alikuwa tayari anaitwa Freddie Mercury, mwimbaji wa kundi la Queen, alipokwenda Covent Garden, jumba la opera la London, mwaka 1983 kumsikiliza Luciano Pavarotti katika Un ballo in maschera ya Verdi. Alitoka akimzungumzia soprano wa usiku huo, Caballé. Walikutana katika hoteli ya Ritz mjini Barcelona mnamo Machi 1987, na tarehe 10 Oktoba 1988 ikatoka albamu yao, Barcelona, iliyotungwa pamoja na Mike Moran. Mercury alimtumia Caballé kanda ambazo yeye mwenyewe ameimba sehemu za soprano kwa sauti ya kubana, ili ajue kinachotakiwa.

Naliingiza jambo hili katika uchambuzi kwa sababu ni Carnegie iliyorudi kwa umbo jingine. Mwimbaji mwenye hadhi, aliyepita miaka 50, anaingia katika mtindo asioujua, akiwa na muda mfupi na kanda ya mtu mwingine mkononi, na kinachombeba ni uwezo uleule wa kujifunza haraka alioupata Basel kwa mshahara wa mwezi. Wapo wapenzi wa opera waliomcheka. Wimbo wenyewe, unaoitwa Barcelona kama albamu, uliwashinda wote: Mercury alifariki tarehe 24 Novemba 1991, na mwaka uliofuata, wakati wa michezo ya Olimpiki mjini Barcelona, ulipanda hadi nafasi ya pili katika chati ya Uingereza. Tarehe 26 Mei 1999 Caballé aliuimba katika uwanja wa Camp Nou kabla ya fainali ya Ligi ya Mabingwa, sauti ya Mercury ikitoka kwenye rekodi. Mwaka 2012 albamu ilitolewa upya, ala za kielektroniki zikiwa zimebadilishwa kwa orkestra halisi, na sauti ya Caballé ikapata hatimaye aina ya muziki ambayo ilistahili kuwa chini yake tangu mwanzo.

Miaka yake ya mwisho ilikuwa na doa. Desemba 2015 mahakama ya Barcelona ilimpa kifungo cha miezi sita kilichoahirishwa pamoja na faini, baada ya kukiri kwamba alikwepa kodi ya mwaka 2010, kiasi cha karibu nusu milioni ya euro, kwa kujiandikisha kuwa mkazi wa Andorra ilhali aliishi Barcelona. Magazeti ya Uhispania hayakumhurumia. Alifariki mjini humo tarehe 6 Oktoba 2018, akiwa na miaka 85.

Urithi wake wa moja kwa moja una mnyororo unaopita katika opera ileile. Mwaka 1970 kijana wa Barcelona, José Carreras, aliimba nafasi ndogo ya Flavio katika Norma kwenye Liceu, Caballé akiwa Norma. Caballé alimsikia na kumtaka awe Gennaro wake katika Lucrezia Borgia, na hiyo ikawa nafasi kubwa ya kwanza ya Carreras katika jumba hilo. Kaka yake Caballé, Carlos, akawa wakala wa Carreras. Mwaka huohuo La Scala ilimwita Caballé kuimba Lucrezia katika jumba ambamo opera hiyo ilizaliwa. Miaka kumi nyuma alikuwa amepita hapo kama mmoja wa wasichana wa maua katika Parsifal ya Wagner, bila mtu kumtambua. Kwa majumba mengine athari ilikuwa pana zaidi. Joan Sutherland aliichukua Lucrezia katika miaka ya 1970, Beverly Sills naye pia, na Sills aliimba Roberto Devereux katika New York City Opera mwaka 1970, miaka mitano baada ya Caballé kuitoa kaburini Carnegie. Leo opera hizo mbili zipo katika ratiba za Ulaya na Marekani kama kazi za kawaida, na soprano kijana anayezifanyia mazoezi hukutana mapema na swali lile la wapi pa kuvuta pumzi katika “Com'è bello”. Wengi huvuta mara moja zaidi kuliko alivyofanya Caballé, na hakuna anayewalaumu.